Space Mountain ya Orlando: jiandae kwa giza, kasi ni ya kawaida

Dada mleta mada, umesema mnatoka Mwanza kwenda Orlando likizo ya Juni na watoto wa miaka sita na tisa, wenyeji wenu wanasema msikose Space Mountain pale Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney, nawe unaogopa kasi. Kasi isikunyime usingizi. Rola kosta ile, yaani vigari vya burudani vinavyokimbia juu ya reli ndani ya jengo lenye giza, inafika kama kilomita 45 kwa saa, na bodaboda wa Buzuruga kwenda Igoma anazidi hapo kila siku. Haimgeuzi mtu kichwa chini, na mteremko wake mkubwa ni kama mita nane tu. Inabeba watu tangu Januari 1975. Kinachowapigisha watu kelele ni giza, basi maandalizi yako yaelekeze huko.

Ukiwa kwenye basi unaiona kona inakuja, shingo na kiuno vinajikaza vyenyewe kabla haijafika. Mle ndani huoni reli wala kona. Mwili unachelewa kila mara, na upepo unaokupiga usoni unakufanya udhani mnakwenda kasi maradufu. Anayechafukwa na meli ya Nansio ziwa likichafuka asome hapa vizuri: kwenye meli nafuu ni kukazia macho vilima vya Ukerewe, ili macho na sikio la ndani vikubaliane. Kwenye giza hakuna cha kukazia macho. Mwenye tatizo hilo ameze mapema kidonge cha kuzuia kutapika safarini, kama maelekezo yake yanavyosema, na asipande akiwa ametoka kushiba. Mjamzito, au mwenye tatizo la moyo, mgongo au shingo, abaki nje. Hilo halina mjadala.

Urefu unaotakiwa ni sentimita 112, yaani inchi 44. Mpime mdogo hapo hapo nyumbani: visigino vigusane na ukuta, weka kitabu kigumu juu ya kichwa, futi ya fundi cherehani inatosha. Asipofika, machozi hayatasaidia. Pia mtoto chini ya miaka saba lazima aandamane na mtu wa miaka 14 au zaidi, kwa hiyo huyo wa tisa hawezi kumsindikiza mdogo wake. Kama mdogo hajafikia kimo, mwambie mhudumu wa mlangoni kabla hamjaanza foleni. Mzazi mmoja atapanda huku mwingine akibaki na mtoto, kisha mtabadilishana bila wa pili kupanga foleni ndefu upya. Wengi hawaulizi, wanaishia kupoteza saa nzima.

Sasa viti, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kila gari lina viti vitatu, kimoja nyuma ya kingine, na magari mawili yameunganishwa, jumla watu sita. Hakuna wa kukaa ubavuni mwako. Muweke mtoto kiti cha mbele yako ili asikie sauti yako. Kiti kiko chini: unatumbukiza miguu, unainyoosha mbele. Sukuma makalio hadi nyuma kabisa kwanza, ndipo ushushe chuma cha kuzuia hadi kiguse mapaja. Ukikishusha ukiwa umejilaza, panabaki nafasi, na kila kona itakurusha. Mgongo uegemee, kidevu kiwe juu, mikono ishike vishikio. Dera linajikusanya chini ya chuma. Suruali ni bora. Ncha za mtandio ziingizwe ndani ya blauzi. Miwani, simu na kofia viwe kwenye mfuko wenye zipu, maana kitu kikianguka mle huwezi kukifuata.

Mkisimama katikati, msishtuke. Reli imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu roketi mbili (ndiyo hayo magari yaliyounganishwa) ziwe kwenye kipande kimoja. Abiria wa mbele akichelewa kushuka kituoni, walio nyuma wanaweza kusimamishwa, wakati mwingine hadi taa zikawashwa. Kaeni, mikono ndani, msikisukume kile chuma, msubiri mhudumu.

Kuhusu muda: nendeni asubuhi, mkifika kwenye mzunguko wa mbele ya kasri mkate kulia kuelekea Tomorrowland, eneo la bustani ilipo Space Mountain. Juni mvua za radi hupenda kuja mchana. Michezo ya nje inasimamishwa, watu wanakimbilia ya ndani na foleni inavimba. Na mkishaegesha gari bado hamjafika: mnavuka ziwa dogo kwa kivuko au mnalizunguka kwa treni ya reli moja. Waliozoea kusubiri pale Kamanga wanajua muda huo lazima uhesabiwe.

Kabla ya kumpandisha mdogo, mpandisheni kwanza PeopleMover, vigari vya kutalii eneo hilo, iko hapo hapo jirani. Haina masharti ya kimo, inakwenda polepole, na njia yake inapita ndani ya jengo lenyewe la Space Mountain. Ataliona giza na kusikia makelele akiwa ametulia, kisha aamue mwenyewe. Akikataa, msimlazimishe.