Sauti ya binti yangu inavutika, kisha inakimbia

SWALI: Binti yangu yuko Ujerumani, hunipigia kwa intaneti Jumapili jioni nikiwa nyumbani Rau. Kuna siku sauti yake inavutika, kisha inakimbia ghafla. Halafu tunaanza kuongea wote kwa pamoja, mpaka anadhani namkatiza makusudi. Wajukuu wanasema ninunue bando kubwa zaidi. Ni kweli?
Bibi wa Rau, Moshi

JIBU: Shikamoo bibi. Bando usinunue kwanza. Unachosikia ni simu yako ikihangaika kwenda sawa na mtandao usiotulia.

Sauti ya binti yako hukatwa vipande, mara nyingi vya milisekunde 20 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), yaani vipande 50 kila sekunde. Vinatoka kwake kwa mpangilio, lakini vinafika Rau kwa kupishana, kwa sababu vingine hukwama kwenye foleni njiani. Ndiyo maana simu huviweka akiba kidogo kabla ya kukusikilizisha. Ni kama Coaster pale stendi ya Moshi: ikisubiri sana, abiria wengi wanaiwahi lakini wote wanachelewa kufika Arusha, ikiwahi kuondoka, kuna wanaoachwa. Kipande kilichoachwa hakitumiki tena. Simu huziba pengo kwa kukisia kutokana na sauti iliyotangulia, na mapengo yakifuatana ndipo unasikia sauti ya roboti.

Mtandao ukichafuka, simu huongeza akiba kwa kuvuta sauti. Ukitulia, huipunguza kwa kubana sauti. Hiyo ndiyo unayoisikia. Programu nzuri hufanya hivyo bila kubadili unene wa sauti, na hupendelea kungoja msemaji anyamaze kidogo, ambapo sikio haligundui. Ikilazimika kuvuta katikati ya neno, unagundua papo hapo.

Na akiba ikishakuwa kubwa, ndipo mnapogongana. Unamaliza kusema, hujasikia jibu, unaendelea. Kumbe jibu liko njiani. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unasema kuchelewa kwa upande mmoja kukiwa chini ya milisekunde 150 mazungumzo mengi huenda vizuri, na kusivuke 400. Kwa ibada inayorushwa moja kwa moja ningekubali kusubiri hata sekunde nzima ili nisikose neno. Kwa mama na binti yake, heri kipande kimoja kipotee kuliko kukatizana jioni nzima. Mwambie binti yako hivyo, asiendelee kudhani unamkatiza.

Umbali si mwizi mkubwa. Mwanga ndani ya mkongo hutumia takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo hata kebo ya kilomita 10,000 inakula 50 tu. Foleni ndani ya ruta yako, kile kisanduku cha waifai, inaweza kula mamia, hasa wajukuu wakipandisha video au simu zao zikihifadhi picha mtandaoni. Foleni hiyo ya kupandisha huichelewesha sauti yako kwenda kwake, nawe huisikii. Anayeteseka ni yeye.

Jumapili ijayo waombe waache kutumia waifai mnapoongea, ukae karibu na ruta, na uvue vile visikilizio visivyo na waya, maana navyo huongeza kuchelewa kwao. Sauti yake ikiendelea kuvutika, zima waifai utumie data ya simu. Ikigoma hata hapo, binti naye afanye hivyohivyo kwake, kwa sababu huenda foleni iko huko Ujerumani.