Anti Hajalipwa, Nami Niko Foleni ya Kitubio

Siri ya kitubio inamfunga padri. Mimi hainifungi, kwa hiyo nitasimulia.

Ilikuwa Kwaresima, saa saba mchana, katika kanisa moja katikati ya jiji ambako watu wa ofisini huacha chakula chao waende kuungama. Nilikuwa na orodha yangu ya kila mwaka: hasira, uvivu wa kusali, Jumapili mbili bila Misa, na zile siku nne nilizomnunia mume wangu kwa sababu ya dada zake. Niliisoma yote bila kukwama, kama risiti ya duka. Padri akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, kuna mtu anakudai?"

Nikamwambia nina mkopo wa chama.

"Siulizi chama. Nauliza mtu."

Hapo ndipo nilipomkumbuka anti, mfanyakazi wetu wa nyumbani.

Watoto walimwita hivyo, nasi tukafuata. Alikaa kwetu Donholm karibu miaka mitatu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto kabla basi la shule halijapiga honi, na usiku alilala wa mwisho. Tulimlipa shilingi 8,000 kwa mwezi tukajiona wakarimu, maana jirani alilipa 6,000. (Mwaka 2022 serikali ilipandisha kiwango cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kikapita 15,000. Habari hiyo niliisikia redioni nikabadilisha stesheni.) Januari karo ikatubana, tukamwomba avumilie. Februari tukamwomba tena. Machi mama yake akaugua huko kwao, akataka kwenda. Nikampa 1,500 za nauli, nikamwahidi kwamba 14,500 zilizobaki ningemtumia kwa simu. Sikutuma. Nilijiambia kwamba ile runinga iliyovunjika mikononi mwake imefidia. Mwaka ukapita.

"Na hilo ulikuwa unaliacha nje kwa nini?" padri akauliza. Sikuwa na jibu.

Sisi Wakatoliki wenye ndoa tukisikia dhambi ya mauti, akili hukimbilia chumbani. Uzinzi tunaujua. Vidonge vya kuzuia mimba navyo tumevisikia tangu semina ya uchumba, na *Humanae Vitae*, waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968 unaovikataza, hainukuliwi mara moja. Sisemi hayo ni madogo. Nasema yamejaza chumba chote hadi mengine yakakosa pa kukaa. Fungua Katekisimu ya 1992 kwenye dhambi zinazolia hadi mbinguni: damu ya Abeli ipo, kilio cha mjane na yatima kipo, na hapo hapo upo ujira wa mfanyakazi aliyedhulumiwa. Mtume Yakobo alishasema hivyo katika sura ya tano ya barua yake. Papa Leo wa Kumi na Tatu akalirudia mwaka 1891, akiandikia Ulaya ya viwanda. Mimi nilidhani wenye viwanda ndio wanaohusika. Kumbe hata mwenye nyumba ya vyumba viwili na jiko la gesi ni mwajiri.

Ili dhambi iwe ya mauti, Kanisa linataka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue, na aridhie kwa hiari yake. Asiyekuwa na pesa kabisa ana hesabu yake tofauti na Mungu. Lakini mimi? Nilijua. Kila mwisho wa mwezi nilikumbuka, na mwezi mmojawapo nilinunua mapazia.

Ushauri wangu basi, kwa wanaojiandaa kuungama: kabla hujashika kitabu cha sala, shika simu, pitia ulizotuma na zile ulizoahidi kutuma. Pale tunapopiga kifua, "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu," kituo changu siku hizi ni kwenye hilo la mwisho.

Ukiwa hapo, angalia na Jumapili. Sisi tulikuwa tunavaa tukaenda Misa ya pili, anti akabaki anasukuma chapati za wageni wa saa nane. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika katika kila saba, na amri ya Mungu ya kuitakasa siku hiyo haikuandikiwa mwenye nyumba peke yake. Kuna pia wale tunaosimama kwenye harambee ya kanisa tukitaja ahadi nono huku mama mzazi kijijini anakunywa chai ya rangi. Yesu aliwakemea kwa jambo hilo hilo wale waliowanyima wazazi wakisema mali yao ni Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, Marko sura ya saba. Na mshahara anaofichwa mke, au mkopo anaofichwa mume, sitaki kuusema sana. Nyumba nyingi zitawaka moto.

Padri hakuniachia nitoke na Salamu Maria peke yake. Alisema malipizi atanipa, ila pesa za mtu zirudi kwa mtu, kwani hata Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne, hakuishia kusema pole. Jioni nikamweleza mume wangu. Akauliza kama padri anajua karo ya muhula ni ngapi. Tulibishana hadi taarifa ya saa tatu ikaisha. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetoa kalamu, akajumlisha, na hakukata bei ya ile runinga.

Namba ya anti ilikuwa bado ile ile. Tulituma nusu mwezi huo na nusu mwezi uliofuata, kwa kuwa zote kwa mkupuo hatukuziweza. Ile ya kwanza ilipofika, simu yangu ililia kabla sijaiweka mezani.

"Mama," akasema, "umetuma kwangu kwa makosa. Nikurudishie?"