Usikunje paa la MX-5 yako wakati wa baridi

Ndugu, umeuliza kama ukunje paa la turubai la Mazda MX-5 yako ya 1994, gari dogo la paa la kukunja, ukiilaza gereji hapo Minnesota mpaka Aprili. Hapana, usikunje! Liache limefungwa juu, na liwe kavu kabisa. Turubai likikaa limekunjwa miezi yote hiyo hushika mikunjo na ukungu, na kile kioo cha nyuma cha plastiki hukakamaa kwa baridi. Changu nilikikunja siku ya baridi kali, kikapasuka mstari mmoja toka kona hadi kona. Bado naumia nikikumbuka.

Zibua pia vitundu vya kutolea maji nyuma ya viti. Majani huviziba, maji yakaishia kwenye zulia.

Betri iko kwenye buti. Iunganishe na chaja ya kutunza chaji, maana betri iliyoishiwa chaji huganda. Jaza tangi, tia dawa ya kuzuia petroli isiharibike. Breki ya mkono iachie isije ikang'ang'ania. Badala yake liache gari kwenye gia na uweke kabari kwenye magurudumu.

Na tafadhali, usiwashe injini dakika tano tano kila wiki: unyevu hubaki kwenye ekzosi na kuiozesha.