Umeme Usiouma: Mguu wa Farasi na Kifundo Changu

Masika ya mwaka juzi nilikuwa na wagonjwa wawili katika banda moja, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa farasi tuliyemwita Tufani. Aliteleza kwenye ule udongo mweusi wa huku Karen, Nairobi, ambao mvua ikiunyeshea unaweza kukuvua kiatu ukabaki na soksi. Jioni alikula lusani yake kama kawaida. Asubuhi nikapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, chini ya goti, nikakuta joto na uvimbe uliopinda kama ndizi changa. Saisi yeyote, yaani mtunza farasi, anajua maana yake: kano, ile kamba inayoshikisha msuli kwenye mfupa, imeumia. Wiki mbili baadaye nikashuka matatu Ngong Road kabla haijasimama sawasawa, nikakanyaga ukingo wa lami, kifundo kikageuka.

Mwenye farasi, mama mmoja mpole lakini asiye na subira, alikuwa amerudi kutoka Uingereza na mashine ya maikrokarenti, yaani ya kutibu kwa mkondo mdogo sana wa umeme. Ni kidude cha kutosha mfukoni, kina betri ya volti 9, nyaya mbili na vibandiko. "Mzee," akaniambia, "hii tutaitumia kwa Tufani, na kile kifundo chako pia." Nami nikasema, "Sawa, Mama, lakini kwanza tumsikie daktari."

Wengi wananiuliza inafanyaje kazi. Mwili una umeme wake wenyewe. Katika karne ya 19 Mjerumani Emil du Bois-Reymond alijikata kidole akapima mkondo mdogo uliokuwa ukitoka kwenye kidonda. Wazo la mashine ni kuuongezea mwili mkondo unaofanana na huo. Mwaka 1982 Cheng na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa ngozi ya panya. Mkondo ulipokuwa chini ya mikroampea 1,000, ngozi ilitengeneza ATP kwa wingi, yaani ile nishati ambayo chembe za mwili huitumia kufanya kazi. Walipouzidisha, faida ikapungua. Wauzaji wanalipenda sana jaribio hili. Wanachosahau kukwambia ni kwamba ilikuwa ngozi ya panya maabara, si kano ya mnyama wa kilo 500 anayetaka kukimbia Jumapili.

Basi ukienda kununua, chunga jambo moja. Miliampea 1 ni mikroampea 1,000. Mashine za TENS, zile zinazowasha na kurusha misuli, zinatumia miliampea. Zina kazi yake ya kupunguza maumivu, lakini si kitu kimoja na maikrokarenti. Mimi nilinunua yangu katikati ya jiji, kwenye kisanduku imeandikwa maikrokarenti kwa herufi kubwa. Nilipoibandika, kidole gumba cha mguu kikaanza kucheza chenyewe. Nikaipeleka kwa fundi wa redio, akaipima kwa mita, akacheka. Ilikuwa TENS tupu. Ile ya Mama ilisoma mikroampea 200 hivi, na ukiivaa husikii kitu.

Na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu usiposikia kitu huenda pia hakuna kitu kinachopita. Farasi ana manyoya, na manyoya makavu yenye vumbi hayapitishi umeme. Siku nne za mwanzo za kutumia mashine nilikuwa nikimbandika Tufani juu juu, namsifu jinsi alivyotulia, kumbe natibu hewa. Tulipoyapunguza manyoya kwa mashine ya kunyolea, tukaosha tope, tukalowesha ngozi kwa maji ya uvuguvugu na kupaka jeli, ndipo taa ya mashine ikaonyesha kuwa mkondo unapita. Kwa binadamu ni rahisi zaidi: osha mafuta ya kujipaka, basi.

Hata hivyo mashine haikuwa ya kwanza. Siku tatu za mwanzo zilikuwa za maji baridi ya mpira, dakika 20 kila mara, mara kadhaa kwa siku, kisha bendeji na kutulia bandani. Daktari akaja na ultrasaundi, akatuonyesha tundu jeusi katikati ya kano. Baada ya hapo ndipo tukaanza na mashine, dakika 30 asubuhi na jioni, pamoja na kumtembeza kwa kamba dakika 10, tukiongeza kidogo kidogo kila wiki.

Wiki ya tano mguu ulikuwa baridi na uvimbe umeshuka. Tufani alikuwa akirusha mateke kwa furaha, na Mama akasema tumfungulie uwanjani. Nami, nasema kweli, nilikuwa upande wake. Daktari akakataa mpaka apige picha tena. Lile tundu lilikuwa bado lipo, limejaa nusu tu. Alituambia jambo ambalo nimelishika tangu siku hiyo: chini ya goti farasi hana misuli, ana kano na mishipa ya kufungia mifupa, na damu inayofika huko ni kidogo. Joto huondoka mapema, lakini nyuzi za kano zinachukua miezi, mara nyingi 9 hadi 12, na kovu linalobaki halina nguvu ya kano ya awali. Tungemfungulia siku ile angekata kilichokuwa kimeanza kushikana.

Sasa sikia nilichofanya mimi. Siku ya kumi maumivu ya kifundo yalipungua, nikaona mashine imemaliza kazi, nikajitwisha gunia la pumba. Hatua ya tatu, kifundo kikageuka tena, mara hii kikavimba hadi kiatu kikagoma kuingia. Tufani alikuwa na daktari wa kumzuia. Mimi nilikuwa na ubishi. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea baadaye hakunipa mashine yoyote. Alinisimamisha kwa mguu mmoja, akaniambia nifanye hivyo kila ninapopiga mswaki. Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo dawa iliyonirudishia mguu.

Je, maikrokarenti ilisaidia? Tufani alikuwa akilegeza mdomo wa chini na kufumba macho kila tulipoiwasha. Lakini farasi anayesimama nusu saa huku akikwaruzwa shingo atalegeza mdomo hata ukiwa umemfunga redio. Watu husema farasi haongopi kwa kuwa hana imani na mashine. Sawa, lakini ninayemtazama akitembea ni mimi, na imani ninayo, tena imelipiwa nauli ya ndege. Ndiyo maana nilianza kumpiga video kila Jumatatu kwenye njia ileile ya sakafu ngumu, kisha namwonyesha saisi wa banda la jirani bila kumwambia ni ya wiki gani. Mara mbili alichagua ya zamani kuwa bora. Nawashauri mfanye hivyo kabla ya kusifu kifaa chochote. Kwa maoni yangu inaweza kutuliza, na ikitumiwa vizuri haina madhara makubwa. Ushahidi wa kwamba inaharakisha kano ya farasi ni mwembamba.

Kuna wasioruhusiwa kuigusa bila daktari: mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani, mjamzito, mwenye kifafa, mwenye saratani sehemu ile, na mwenye damu iliyoganda mguuni. Jike mwenye mimba naye mwache. Kidonda chenye usaha kitibiwe kwanza. Na farasi akichechemea ghafla bila kuweza kukanyaga, usitafute vibandiko, tafuta simu ya daktari wa mifugo, huenda ni mfupa au jipu ndani ya kwato.

Tufani alimaliza miezi 11. Mbio hazirudii, sasa anabeba watoto wanaojifunza kupanda, na hao hawana haraka. Mashine iko kwenye kabati la hatamu. Betri nimeitoa, maana ukiiacha ndani huvuja.