Mkufunzi, toa mkono kwenye simu ya mwanafunzi

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji anayesimamia mafunzo ya kidijitali katika kata moja ya vijijini hapa Tanzania. Wakufunzi 12 wamehitimu, vyeti wamepewa, picha ya pamoja imepigwa. Miezi miwili imepita, na wanakijiji bado wanamkabidhi kijana wa dukani simu pamoja na namba ya siri ili awanunulie luku. Anauliza aongeze mada gani kwenye mtaala. Asiongeze hata moja. Apunguze.

Mitaala mingi ya kuandaa wakufunzi wa jamii ni siku tano za slaidi: historia ya kompyuta, aina za vifaa, programu za ofisini, na usalama wa mtandao unaogusiwa Ijumaa jioni watu wakisubiri posho. Mshiriki anarudi kwao akiijua RAM, lakini hajawahi kukaa dakika 40 na bibi anayeogopa kuua simu ya mwanawe. Katika saa 30 za mafunzo, 18 ziwe za kufundisha watu halisi. Kuanzia siku ya pili, leteni wanakijiji wawili kwa kila mkufunzi, na kila siku waje wapya, kwa sababu wale wa jana wameshazoea.

Huduma za pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008 hakukuwa na semina. Zilienea kwa sababu wakala alikaa kwenye kibanda chake akielekeza. Ila wakala yuleyule, foleni ikirefuka, alichukua simu ya mteja akamalizia mwenyewe. Ndiyo maana hadi leo wapo watu wenye akaunti ya miaka kumi na zaidi ambao hawajawahi kutuma hata shilingi 1,000 kwa mkono wao. Mkufunzi mwenye haraka anazalisha watu wa namna hiyohiyo.

Zoezi linaloponya ugonjwa huu linahitaji karatasi na kalamu tu. Mkufunzi mmoja anafundisha, mwenzake anakaa pembeni na kuchora kijiti kila mkono wa mkufunzi unapogusa simu ya mwanafunzi. Mara ya kwanza karatasi hujaa vijiti, na mwenye mkono atabisha kwamba hakugusa. Mwonyesheni. Mzunguko wa pili ashike daftari kwa mikono yote miwili, abaki na mdomo: "Tazama juu, upande wa mkono wako wa kula. Unaona alama kama bahasha? Hiyo." Asiyeweza kuelekeza kwa maneno huwa hajaielewa skrini, ameizoea tu.

Na maneno yenyewe yachaguliwe. Ukimwambia mtu "bonyeza", atabonyeza kweli: atakandamiza kidole kama anafunga mlango wa gari, simu ielewe kwamba ameshikilia, alama zianze kuhama au menyu ya kufuta itokee. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa siku ya kwanza. Mwambie aguse kama anavyopima pasi kama imepata moto. Hatauliza mara ya pili. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ufikivu, uongeze muda wa kugusa na kushikilia uwe mrefu, ukuze maandishi, kisha kwenye mipangilio ya lugha uchague Kiswahili, yote kabla somo halijaanza.

Kuna wakati skrini haisikii kabisa, na mkulima anaambiwa hajui kugusa. Kosa si lake. Skrini hizi hutambua umeme mdogo unaopitishwa na ngozi, na ngozi iliyokauka kwa jembe au saruji hupitisha kidogo mno. Weka kitambaa chenye unyevunyevu mezani, afute kidole, au atumie kidole cha mwisho ambacho hakijakomaa sana. Ikiwa badala yake skrini inajigusa yenyewe, chomoa chaja kwanza. Chaja za bei rahisi husababisha hilo mara kwa mara.

Kuhusu vifaa, watu hukimbilia kompyuta mpakato kwa sababu zinapendeza kwenye ripoti. Pigeni hesabu ya umeme kwanza. Kompyuta 10 za wati 45 kwa saa tatu ni wati-saa 1,350. Betri ya solar ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 hubeba wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 tu za kutumia. Tableti 10 za wati 10 kwa saa hizohizo tatu zinakula 300. Ongeza ruta na kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi ya kuhifadhia masomo, zote mbili kama 50 hivi, na bado betri inapumua. Chaji kwa chaja ya USB inayotumia volti 12 za betri moja kwa moja. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inakula sehemu ya umeme bure.

Hiyo Raspberry Pi ikiwekewa Kolibri, programu ya bure ya masomo yasiyohitaji intaneti, darasa linafungua masomo kwenye kivinjari bila kununua bando. Linaloharibu siku ya kwanza ni dogo: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, inaiacha kimyakimya na kurudi kwenye data, ukurasa haufunguki, na mkufunzi anatangaza seva imekufa. Zima data, unganisha, na ujumbe wa "hakuna intaneti" ukitokea chagua kubaki kwenye mtandao huo. Andika anwani ukutani kwa herufi kubwa pamoja na 8080 mwishoni, kwa sababu nukta mbili na namba hiyo husahaulika kila mara. Usiichomoe Pi kabla ya kuizima. Kadi yake ya kumbukumbu huharibika kwa kukatiwa umeme ghafla, hivyo weka ya pili iliyonakiliwa kwenye bahasha. Pi 4 na zilizotangulia hazina saa ya ndani, kwa hiyo bila intaneti tarehe za maendeleo ya wanafunzi zitakuwa za ajabu. Msizitumie kwenye ripoti.

Mwenye kiswaswadu naye asiachwe mlangoni. *152*00# inafungua huduma za serikali bila intaneti, na *106# inamwonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hii ya pili ifundishwe mapema, maana huamsha darasa zima: kila mtu anataka kujua kama kuna laini asiyoijua.

Utapeli ufundishwe kwa ujumbe wenyewe. Andika ubaoni "ile hela tuma kwenye namba hii" na uwaulize wangapi wameupata. Kisha wafanye malipo ya kweli ya shilingi 500 wao kwa wao, wasome jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Namba ya siri inapoingizwa, mkufunzi ageuke na kutazama ukuta, hata kama anaombwa asaidie. Akiombwa ndiyo hasa ageuke. Namba ya kuripoti matapeli ni 15040. Waihifadhi kabla ya kutoka.

Uchaguzi wa wakufunzi nao umejaa upofu. Kijana anayejua kila kitu ndiye mwenye subira kidogo kuliko wote, na ndiye atakayehamia mjini akipata kazi. Chukueni wawili kila kijiji, mmoja akiwa na mizizi pale: wakala, katibu wa VICOBA, mama wa genge. Darasa lianze saa 8 mchana, kazi za asubuhi zikiwa zimeisha, na lisigongane na siku ya gulio. Wanafunzi sita kwa mkufunzi mmoja wanatosha. Wa saba atakaa akiangalia simu ya jirani na kuitikia ndiyo.

Vyeti visitolewe siku ya tano. Subirini wiki ya sita, nendeni kijijini, muombeni mmoja wa waliofundishwa anunue luku ya shilingi 1,000 na kuiingiza kwenye mita yake mwenyewe, huku mkufunzi wake akisubiri nje ya mlango.