Theluthi mbili wamenikubali: je, niitikie wito?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mchungaji, nina mke na watoto watatu. Kanisa moja la Kibaptisti limeniita. Kura za ndiyo zilikuwa 64, za hapana 31, na katiba yao inataka theluthi mbili. Je, nikubali?

JIBU: Amina, mtumishi. Kwa katiba umepita, ingawa kwa kura chache mno. Maandiko hayatoi kiwango. Katika Matendo 6:5 shauri la mitume "likapendeza machoni pa mkutano wote", ndipo wakachaguliwa wale saba. Katika 14:23 Paulo na Barnaba ndio waliowachagulia wazee kila kanisa. Hata leo wenzetu Walutheri wa KKKT hupangiwa mchungaji, ninyi mnapiga kura.

Mimi nawatazama hao 31. Wamekukataa wewe, au wamechukizwa na namna kamati ya kumtafuta mchungaji ilivyoendesha mambo? Au bado wanamlilia mchungaji aliyeondoka? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na kura haikuambii ni lipi.

Utasikia wakikutia moyo kwa habari za Charles Simeon, mchungaji Mwanglikana wa Uingereza. Askofu alimweka katika kanisa la Holy Trinity, Cambridge, mwaka 1782, waumini wakimtaka mtu mwingine. Walifunga viti vyao kwa kufuli, watu wakamsikiliza wamesimama. Alivumilia, akahudumu hapo miaka 54, hadi kufa. Namheshimu sana. Lakini Simeon hakuoa, na chuo cha King's kilimpa makao na riziki. Wewe posho yako itatoka katika sadaka za watu hao hao, na mkeo ndiye atakayekaa nao kwenye kikundi cha akina mama kila wiki. Usiwabebeshe watoto wako uvumilivu wa Simeon.

Kwa hiyo usijibu bado. Waombe wazee mwezi mmoja, na uwaombe wakukutanishe na waliopinga, wawili watatu kwa wakati, bila kamati kuwepo. Nenda kusikiliza, usiende kujitetea. Wakitaja mafundisho yako au mwenendo wa nyumba yako, na ukaona wana hoja, kataa, hata kama wengine wote wanakushangilia. Kama kinyongo chao ni kwa kamati, wazee wapatane nao kwanza, kisha kura irudiwe. Na wazee wakikuzuia usikutane nao, hilo peke yake linatosha kukufanya ukatae.