Dibaga yangu ilivyojifunza kusoma dampo

Nina kidibaga changu cha Windows, yaani programu ya kusakia makosa kwenye programu nyingine, nilichoandika mwenyewe, na muda mrefu kilikuwa kinajua kazi moja tu, kujishikiza kwenye programu inayotembea na kuisimamisha. Kilinitosha mpaka mteja mmoja wa Kariakoo aliponunua programu yangu ya mauzo ikawa inajizima ovyo na siku zote mimi nipo Kimara. Napanda mwendokasi nafika nimelowa jasho, nafuta vumbi, naweka roli mpya ya risiti, nakaa mpaka mchana, haizimi! "Kaka ukiondoka tu inazima."

Ndo nikaamua programu ya mauzo ikikrashi iite MiniDumpWriteDump, funksheni ya Windows, iache faili lenye hali yake ya mwisho, mteja anirushie WhatsApp. Mi naliita dampo, nyumbani wanacheka maana dampo wanalolijua wao lipo Pugu.

Kulisoma sio kazi kivile. Linaanza na herufi MDMP, heda baiti 32, halafu orodha ya vipande, kila kimoja baiti 12: aina, ukubwa, na kilipo kwenye faili. Thredi (mikondo ya kazi inayotembea ndani ya programu) ni namba 3, moduli (faili za exe na DLL zilizopakiwa) 4, ajali yenyewe 6. Nikamaliza mapema nikajiona fundi.

Sasa nafungua dampo la Kariakoo, staki, yaani orodha ya funksheni zilizoitana, inaniambia thredi iliyokufa ilikuwa inaandika dampo. Eti nini? Wikiendi nzima nimekesha. Kumbe ni kweli, thredi ikikrashi ndo hiyohiyo niliyoituma iandike faili, kwa hiyo rejista zake (vihifadhi vidogo vya prosesa vinavyoonyesha thredi ilikuwa wapi) kwenye orodha ya thredi ni za wakati huo. Rejista za sekunde ya ajali zimewekwa kwenye kile kipande namba 6 pamoja na namba ya thredi. Kwa thredi hiyo chukua za huko, za kwenye orodha achana nazo.

Lingine lililoniumiza ni memori. Dampo dogo linabeba staki na vitu vichache tu, mimi adresi isiyokuwemo nikawa narudisha sifuri, basi nikakimbizana na pointa ya null (inayoelekeza adresi sifuri, yaani popote) ambayo haikuwa null kabisa, data yake tu haikuwemo kwenye faili. Onyesha alama za kuuliza kama WinDbg, dibaga ya Microsoft, inavyofanya, usimdanganye mtu. Na PDB, faili zenye majina ya funksheni na mistari ya kodi, za kila toleo unalompa mteja zitunze, ukibildi upya GUID (namba ya utambulisho inayounganisha programu na PDB yake) inabadilika na ile ya zamani haiwezi kulingana tena.

Ndani ya dibaga usitapakaze "kama ni dampo" kila kona kama nilivyofanya mimi nikaja kufuta zote. Tengeneza chanzo kimoja cha kusoma memori, rejista na moduli, nyuma yake kiwe prosesi hai (programu inayotembea) au faili, sehemu nyingine za dibaga zisijue. Vitufe vya kuendelea na kupiga hatua vizime, marehemu hatembei. Linux wazo ni lilelile, dampo lake linaitwa core, ni faili la ELF (muundo wa faili za programu wa Linux) na rejista zipo kwenye noti za NT_PRSTATUS.

Lile dampo lilikuwa na 0xC0000005, programu inaandika pasipo pake, kwenye thredi ya printa. Karatasi ya risiti ikiisha katikati ya kuprinti, naachia bafa (memori ya muda yenye maandishi ya kuprinti) huku thredi bado inaitumia. Na kila nikifika dukani, mi ndo nilikuwa naweka roli mpya.